Sura ya Tano Haing'oki

Jina la marehemu mmeliona kwenye jalada la kitabu hiki cha mazishi, limeandikwa bila cheo mbele yake. Mpiga chapa hakusahau. Tuliketi jamaa nzima Jumatano iliyopita sebuleni kwa mama tukalijadili jambo hilo mpaka chai ikapoa, na wasifu huu utaeleza tulivyofikia uamuzi. Mimi ni kaka yake mkubwa, fundi umeme wa majumba. Shemeji yangu, mume wa marehemu, ameniomba nilainishe maneno kwa kuwa kuna wageni. Nimeyalainisha mara mbili. Haya ndiyo yaliyolainika.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yetu, mshonaji, na baba yetu, karani wa posta, ambaye alitutoka mwaka 2006. Tulikulia katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta. Mama alikuwa hawezi kuacha cherehani akasimame jikoni, kwa hiyo alitupa zamu ya kulinda maziwa yasifurike. Zamu zangu ziliishia kunuka mpaka kwa jirani. Za marehemu hazikufurika hata siku moja, na alikuwa na miaka saba. Nilimuuliza siri yake akaniambia, "Wewe unangoja yafike ukingoni. Yakifika umeshachelewa. Mimi naangalia yanavyokimbia kupanda." Nilimpiga kofi kwa kujifanya anajua. Nalitaja hapa kwa sababu sikuwahi kuomba radhi, na kwa sababu kazi yake yote ya baadaye ilikuwa ileile ya kulinda maziwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1991, akamaliza 1997 akiwa wa kwanza katika darasa la watoto sabini na wawili. Sekondari alisoma shule ya bweni ya wasichana, 1998 hadi 2003, akachukua fizikia na hesabu. Mama mdogo, ambaye yupo hapa safu ya kwanza na namwona ananiangalia, alisema hesabu nyingi zitamkosesha mume. Mume ndiye yule pale ameshika mwavuli. Mwaka 2004 aliingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme, akahitimu Novemba 2008 kwa daraja la kwanza.

Kazi ya kwanza aliipata kiwanda cha saruji, Desemba 2008, katika chumba cha kuongozea tanuri. Walimweka kwenye kiti kilichovunjika mgongo, mbele ya skrini sita, na msimamizi wa zamu akamwambia asiguse kitu. Aligusa. Ndani ya mwaka mmoja tanuri lile lililokuwa likizimika kila wiki likawa linazimika kila baada ya miezi minne. Wanaume aliofanya nao kazi walimwita "Dada Polepole," kwa sababu kila walipotaka kufungua moto wote kwa pamoja aliwaambia hivyo. Wamekuja leo watano, na nawashukuru, maana wamekuja kwa hiari yao na hawakutumwa na idara yoyote.

Tarehe 11 Desemba 2010, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, mtu mpole kupita kiasi. Mungu akawajalia binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 2012. Shemeji alipika, alifua, alimpeleka mtoto shule na kusoma rasimu za mke wake akitafuta makosa ya tahajia katika mambo asiyoyaelewa. Ndugu zake walimuuliza kila mwaka mkewe anamaliza lini kusoma. Aliwajibu kila mwaka kwamba yuko karibu. Alikuwa hasemi uongo, kwa sababu hivyo ndivyo na yeye alivyokuwa akiambiwa.

Sasa masomo hayo. Alipata shahada ya uzamili mwaka 2014, na mwezi Septemba mwaka huohuo akasajiliwa kwa shahada ya uzamivu katika uhandisi wa udhibiti, upande wa nishati ya nyuklia inayopatikana kwa kuunganisha viini vya atomi. Majirani walidhani anatengeneza bomu. Bomu halihusiani. Mashine yenyewe ni chombo cha chuma chenye umbo la tairi la gari, na ndani yake gesi ya hidrojeni inapashwa moto kupita jua, ili viini vyake viungane na kutoa nishati. Hakuna chuma duniani kinachostahimili joto hilo, kwa hiyo gesi inashikiliwa hewani kwa sumaku, isiguse ukuta. Tatizo ni kwamba gesi ile haitulii. Ikipata upenyo inakimbia juu au chini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Vihisi vinapima imeelekea wapi na kwa kasi gani, kompyuta inasoma, kisha inaziamuru sumaku ziisukume irudi katikati. Marehemu ndiye aliyeandika akili ya kompyuta hiyo. Inaitwa kidhibiti. Ilimchukua miaka mitatu na nusu, na ilikuwa haingoji gesi ifike ukingoni.

Msimamizi wake alikuwa Profesa, kiongozi wa maabara, na kwa heshima ya mahali hapa nitamwita hivyo tu. Mwaka 2009 Profesa alisimamia kufungwa kwa vihisi vinane vya akiba ndani ya ile mashine, akatia saini mchoro unaoonyesha kwamba vyote vinatazama juu. Havikutumiwa kwa miaka tisa. Siku ya Jumatano, tarehe 6 Juni 2018, kidhibiti cha marehemu kilipangiwa jaribio lake kubwa la kwanza, na Profesa akaagiza vitumike vihisi hivyo vya akiba, kwa kuwa vile vya zamani vilikuwa vimechoka. Kila mtu wa kazi hiyo anajua kwamba kihisi kipya kinapimwa kwanza mwelekeo wake, bila gesi, kuona kama juu yake ni juu kweli. Ni kazi ya dakika arobaini. Marehemu aliomba kipimo hicho. Lakini chumba kilikuwa na wageni wenye suti, wamekwisha kuvalishwa vitambulisho, na Profesa akamwambia mbele yao, "Hawa hawakuja kutuangalia tunapima vihisi." Wageni wakacheka. Fundi wa mashine aliyekuwa zamu aliandika kwenye daftari la zamu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi: "Mtafiti ameomba kipimo cha mwelekeo. Kiongozi amesema kisifanyike."

Vihisi vilikuwa vimefungwa kichwa chini. Gesi iliposhuka kidogo, vikasema imepanda, na kidhibiti kikafanya kilichofundishwa, kikaisukuma chini kwa nguvu zote. Ilipiga sakafu ya chombo ikayeyusha vigae kumi na kimoja. Mashine ilifungwa miezi saba. Ripoti ya kurasa sita ilitoka mwezi uliofuata, na chanzo kilichoandikwa ni hiki: hitilafu katika kidhibiti kilichoandaliwa na mwanafunzi. Saini ya Profesa iko chini. Daftari la zamu halikutajwa popote.

Marehemu aliiamini ripoti ile. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na siwezi kulisema kwa upole. Kwa miezi kumi na minne alirudia hesabu zake mstari kwa mstari akitafuta kosa ambalo halikuwemo. Alikonda. Aliacha kwenda kwenye mikutano ya idara kwa sababu wenzake walinyamaza akiingia, na kuna mmoja, ambaye leo ameleta shada kubwa kabisa la maua, aliyembandikia picha ya kigae kilichoyeyuka kwenye mlango wa ofisi yake. Mtoto akimuuliza kwa nini halali, alimwambia kuna kitu amekiharibu na hajui ni kipi.

Jumapili moja ya Agosti 2019 nilikwenda kwao kutazama pampu ya maji ya jengo lao, ambayo ilikuwa inanguruma siku nzima na maji hayapandi. Marehemu alishuka nami kunishikia tochi. Nikaikuta mota inazunguka kinyumenyume, kwa kuwa aliyeifunga alifuata rangi za waya na kuzichomeka alivyoamini.

"Sasa yeye angejuaje?" akaniuliza. "Si rangi zilikuwa sawa?"

"Rangi ni maneno ya fundi aliyetangulia," nikamwambia. "Mimi naweka kipimo."

"Na kama kuna mchoro?"

"Mchoro nao ni maneno ya mtu. Kwani mchoro unazungusha mota?"

Tochi ikaacha kumulika nilipokuwa nafanya kazi. Nilipogeuka kumlaumu, nilimkuta ameketi kwenye ngazi, ameshika kichwa. Akasema, "Kaka, sijawahi kuviona vile vihisi kwa macho yangu." Kisha akacheka, na tangu Juni ya mwaka uliopita sikuwa nimemsikia akicheka.

Mashine ilipozimwa kwa ukarabati, tarehe 19 Novemba 2019, fundi wa mashine alimwingiza. Alivaa ovaroli, akatambaa ndani ya kile chombo na taa na kioo kwenye kijiti, kwa saa mbili. Kila kihisi kimechongwa mshale unaoonyesha upande wake wa juu. Mishale yote minane ilitazama chini. Akaipiga picha mmoja mmoja na kumpelekea Profesa siku hiyohiyo, akiamini, masikini dada yangu, kwamba atafurahi kupata jibu. Profesa alimwita ofisini na kufunga mlango. Kwa maelezo ya marehemu mwenyewe, alimuuliza swali moja tu: "Unataka kunivua nguo?"

Mwezi Februari 2020 waya za vihisi vile ziligeuzwa kimyakimya. Kidhibiti cha marehemu kikawashwa tena bila kubadilishwa hata herufi moja, na gesi ikatulia katikati. Kinafanya kazi mpaka leo. Profesa amekwenda nacho kwenye makongamano nchi nne. Ripoti haikusahihishwa. Marehemu alishauriwa na wengi, mimi nikiwa mbele yao, atoe mambo hadharani kwenye magazeti. Alikataa. Alikuwa mbishi wa kupitiliza, tena mbishi wa adabu, ambao ndio wabaya zaidi. Alisema kosa la kitaaluma linasahihishwa kwa maandishi ya kitaaluma, na akaandika sura ya tano ya tasnifu yake, kurasa ishirini na tatu, yenye picha zote na ukurasa wa daftari la zamu. Profesa alisema sura hiyo ing'olewe. Akasema iko nje ya mada. Miaka mitatu tasnifu ikalala kwenye meza yake, na kila muhula barua ikaja ileile: mwanafunzi anashauriwa kupitia upya muundo wa kazi.

Marehemu alianza kuugua Oktoba 2022, maumivu ya tumbo na mgongo, akatibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi mitano. Tarehe 21 Machi 2023, hospitali ya rufaa, kipimo kilionyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Haikuwa mionzi. Mama mdogo, naomba ulisikie hili mbele za watu, maana umelisambaza mpaka sokoni: haikuwa mionzi, na mashine ile ikizimwa haina cha kumdhuru anayetambaa ndani. Waliokuja kumwona wakikaa mbali na kitanda walikaa mbali bure.

Profesa alikuja hospitali mara moja, tarehe 12 Januari mwaka huu, wodi ya saba, kitanda cha dirishani. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili nikimmenyea marehemu chungwa ambalo hakuweza kulila. Aliulizia hali, akasifu mandhari ya dirisha, kisha akafika kwenye haja yake.

"Nimeongea na wenzangu," akasema. "Sura ya tano ikitoka, mwezi huuhuu unaitwa daktari. Familia nzima itafurahi."

Marehemu akamtazama. "Na ripoti, Profesa?"

"Ripoti ni mambo ya zamani. Tuyaache."

"Ile mishale bado inatazama chini?"

Profesa akachukua funguo zake za gari.

"Basi na sura itabaki ilipo," akasema dada yangu, na akaomba ageuzwe upande, kwa sababu mgongo ulimuuma.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa nane na robo mchana, mume wake akiwa amemshika mkono na binti yake amelala kwenye kiti. Ilikuwa mwezi mmoja na siku tano kabla hajatimiza miaka arobaini.

Siku ya Jumanne, maiti ikiwa bado haijatoka hospitali, idara ilileta barua. Inasema chuo kiko tayari kumtunuku marehemu shahada ya uzamivu baada ya kifo, kwa kutambua mchango wake, mara tu mume atakapotia saini kukubali tasnifu ihaririwe na idara. Sura zilizobaki zimeorodheshwa. Ziko sita kati ya saba. Hicho ndicho kilemba cha ukoka walichotushonea, na hicho ndicho kilichotuweka kikao cha Jumatano.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu kasoma miaka tisa. Nipeni hicho cheo nimzike nacho."

Shemeji akamwambia, "Mama, wanataka sura moja ing'olewe kwanza."

"Hiyo sura inasema nini?"

Nilimweleza kwa mfano wa ile pampu. Mama ameshona maisha yake yote, anajua kitambaa kinavyoshonwa ndani nje na nani hulaumiwa. Akaniuliza, "Wakiing'oa, ile mashine itakuwa imeharibiwa na nani?"

"Na yeye," nikamjibu.

Akaikunja ile barua na kuikunjua. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo wananipa cheo ili nikubali kwamba mwanangu aliharibu." Akampa shemeji barua. "Irudishe. Lakini mimi nilikitaka. Msije mkaandika kwamba sikukitaka."

Tumeandika, mama. Ulikitaka, na ulikuwa na haki nacho, na walioukamata mkono wako wakati unalia ili ukichukue kwa masharti yao wapo hapa chini ya turubai hili. Profesa yupo safu ya tatu. Jana jioni alipiga simu akiomba dakika tano azungumze kwa niaba ya idara. Ratiba mnayo mikononi, hayumo.

Kama kuna kosa la marehemu katika mambo haya, alilitaja mwenyewe, tena katika aya ya kwanza ya sura ya tano. Ameandika hivi: "Nilipokea mchoro wenye saini nikauamini bila kwenda kutazama. Niliomba kipimo, nikakataliwa, nikaendelea. Nilipaswa kuinuka na kuondoka chumbani. Nayaandika haya ili atakayefuata ainuke." Mtu aliyeandika hivyo hakuhitaji kuhaririwa na mtu yeyote.

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja wa miaka kumi na moja, kaka mmoja, na kosa moja lisilo lake, ambalo leo tunalirudisha kwa mwenyewe. Mnaoweza, fungueni ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki, mahali ambapo huwekwa picha za harusi. Tumeweka mishale minane, na chini yake ukurasa wa daftari la zamu wa tarehe 6 Juni 2018. Nilimuuliza fundi wa mashine kama anaogopea kibarua chake. Alinijibu, "Piga chapa. Mwandiko ni wangu, na wao wanaujua." Zimechapwa nakala mia nne. Wanafunzi wa maabara mlioketi nyuma, chukueni mbili mbili, ya pili mkaiache maktaba.

Apumzike dada yetu. Amani yake tunaidai kwa maandishi, kwa ripoti mpya, yenye saini ileile.